Sampuli ya Kumi na Moja

Mlangoni kwa Mwalimu uliacha chuma kama unavyoacha viatu msikitini. Funguo, saa, mkanda, sarafu, pini za nywele, vyote viliingia kwenye beseni la kijani la plastiki lililokaa juu ya stuli nje ya maabara yake. Mkuu wa idara aliacha. Mgeni mmoja kutoka wizarani aliacha, akakagua maabara nzima ameshikilia suruali kwa mkono mmoja. Mimi nilikuwa fundi sanifu wake kwa miaka kumi na sita, na kila asubuhi nilichomoa pini za ushungi nikaufunga kwa fundo. Siku za mwanzo niliona ni kichaa. Baadaye nikazoea, sikuona kitu.

Alikuwa na shahada ya udaktari, lakini ukimwita dokta alikasirika. Alisema pale Mwembesongo, mtaa wa Morogoro alikopanga miaka ya mwanzo, jina hilo lilimletea watu wenye vikohozi na watoto wenye homa, naye aliona haya kuwarudisha. Basi wote tukamwita Mwalimu. Habari za kwao sikuwahi kumuuliza. Nilijua tu kwamba ni Mnyamwezi, na hilo nililijua kwa sababu mimi ni Mluguru, na Mluguru na Mnyamwezi ni watani. Siku ya kwanza, aliposikia jina la ukoo wangu, alinitazama juu mpaka chini akasema, "Kumbe wameniletea mtumwa wangu." Nikamuuliza mzigo wake ameutua wapi, maana wao tunawajua kwa upagazi. Akacheka, akanionyesha sinki.

Kwa asiyejua, utani si mzaha wa kijiweni. Mtani wako anaweza kukwambia jambo ambalo ndugu yako wa tumbo moja hathubutu, nawe huruhusiwi kununa. Anaweza kukuchukulia kuku mchana kweupe. Anaweza kushuka kaburini mwako kabla hujazikwa, akalala, akasema hatoki mpaka wafiwa wampe chochote. Ukinuna wewe ndiye mwenye kosa. Hivyo ndivyo tulivyoishi mimi na Mwalimu. Niliingia na "shikamoo, mpagazi," akaitikia "marahaba, mtumwa, umechelewa tena." Jioni nikitoka alinisindikiza mpaka kwenye ngazi, kisha akanitupia tusi la kuniaga: nishike njia vizuri nisije nikabiringika mlimani na mikungu yangu ya ndizi. Wakati mimi nilikaa mjini, na mlimani nilipanda kwa misiba tu.

Alichokuwa anakitafuta nitakieleza kama alivyonieleza, maana elimu yangu mimi ni ya stashahada. Sumaku tunazozijua, za spika na za mlango wa friji, ni madini yaliyopita kwenye tanuru. Yeye alitaka sumaku ya molekuli. Unachanganya vimiminika kwenye chupa, bila moto mkali, unapata unga mwepesi wenye rangi, na unga huo wenyewe unakuwa sumaku. Inawezekana, huko ng'ambo alikosoma walizitengeneza. Shida yake ni joto. Nyingi zinashika zikiwa kwenye baridi ya ajabu, baridi isiyopatikana hata kileleni Uluguru, na zikipata joto kidogo zinaachia. Nyingine zikiguswa na hewa zinakufa hapo hapo. Mwalimu alitaka moja tu itakayoshika kwenye joto hasa, la maji yanayochemka na kuzidi. Alikuwa akisema sumaku inayohitaji friji haifiki hata Dumila hapo jirani.

Kipimo chetu kilikuwa cha kimaskini. Tuliuweka unga kwenye kijibomba cha kioo, tukakiziba kwa moto ili hewa isiingie, tukakining'iniza kwa uzi ndani ya bika, gilasi ya maabara, lenye mafuta ya alizeti. Nje ya bika tuliegesha sumaku kubwa ya spika. Unga ukiwa na usumaku, kijibomba kinavutwa mpaka kinagusa ukuta wa bika na kuganda pale. Hapo tunawasha jiko la umeme, tunakodolea macho kipimajoto. Ikifika nyuzi fulani, kijibomba kinaachia na kurudi katikati. Hilo Mwalimu aliliita joto la kuachia. Alisema kila sumaku ina lake, hata chuma kina lake, ila la chuma ni la tanuruni, mafuta yatashika moto kabla hujalifikia. Wanafunzi waliopita nje walisema maabara yetu inanuka maandazi.

Ndiyo maana ya lile beseni. Chembe ya chuma usiyoiona kwa macho ikiingia kwenye unga, ndiyo itakayoganda, nawe utadhani ni unga wako. Madirisha tuliyafunga hata Januari, kwa sababu udongo wetu huu mwekundu una chuma. Nilipiga deki kwa kitambaa kibichi mara tatu kwa siku. Vijiko vyetu vilikuwa vya plastiki, vile vya aiskrimu, na vingine alivichonga mwenyewe kwa pembe ya ng'ombe. Fundi aliyekuwepo kabla yangu aliondolewa kwa sababu alifungua kopo la bati la maziwa mazito mle ndani. Kopo moja tu. Mimi nilikuwa kwenye mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na habari ya lile kopo niliisikia kabla sijaonyeshwa choo kilipo.

Na mtu huyo huyo nyumbani kwake uani palikuwa jalala la chuma. Kila spika mbovu iliyokosa mwenyewe kwa mafundi redio wa mjini, yeye aliibeba. Mkewe, nesi mpole mwenye maneno machache, alikuwa akiniambia kwamba siku akipata pa kupita kwenda kwenye kamba ya nguo atachinja mbuzi. Saa hakuvaa, kwa sababu ya chuma, lakini hakuna aliyechukia uchelewaji kama yeye. Basi kutwa aliuliza watu saa ngapi, kisha akawagombeza kwa jibu walilompa.

Neno lake lilikuwa "rudia." Ripoti ya kurasa thelathini ilirudi na neno hilo moja kwa wino mwekundu. Aliamini kwamba jambo lililotokea mara moja halijatokea. Kuna binti mmoja wa mwaka wa tatu alilia kwenye korido mpaka akakaa chini. Mwalimu alimnunulia soda, akakaa naye pale sakafuni, akamsimulia jinsi yeye mwenyewe alivyoambiwa arudie kwa miaka minne mfululizo. Binti akafuta machozi. Mwalimu akachukua ile ripoti, akaisoma tena palepale, akaandika rudia mara ya pili. Binti huyo sasa ana maabara yake Dar es Salaam na anampigia simu kila Jumapili.

Mkewe alipofariki sikungoja kuombwa. Nilivaa koti lake Mwalimu na miwani yake, nikachukua beseni, nikasimama kwenye mlango wa nyumba ya msiba nikiwadai waombolezaji chuma chao kabla hawajaingia kulia. Niliiga sauti yake. Niliwaambia wazee kilio chao ni hafifu, warudie. Watu wakaangua kicheko, naye akacheka huku machozi yanamtoka, amejishika mbavu. Baadaye aliniambia ile ndiyo saa pekee aliyoweza kuvuta pumzi siku ile. Utani unafanya kazi hiyo. Nataka msomaji ajue hilo kabla sijafika kwenye lile lingine.

Lile lingine lilitokea miaka kadhaa kabla ya msiba huo. Tulikuwa na sampuli ya kumi na moja kwenye bakuli la kauri, imekauka ndani ya sanduku letu lililojazwa gesi ya naitrojeni, lile lenye glovu za mpira ubavuni. Mwalimu alikuwa anasimamia mtihani. Mimi asubuhi ile nilikuwa nimepigiwa simu kwamba mjomba wangu amefariki kule Matombo na anazikwa adhuhuri. Kwa Mluguru, mjomba ndiye mzazi. Ukikosa maziko ya mjomba, ukoo mzima utakutazama kwa jicho hilo mpaka nawe uzikwe. Kazi yangu ilikuwa kuukwangua unga, kuutia kwenye kijibomba, kuziba, kisha niondoke. Unga ulikuwa umeganda kama ukoko wa ugali. Kijiko cha plastiki kikavunjika. Cha pembe kikateleza. Gari la msiba lilikuwa limewashwa stendi, wananipigia simu. Nikaenda stoo, nikachukua kipande cha msumeno wa chuma tulichokatia mabomba, nikakipitisha kwenye kijidirisha cha sanduku, nikakwangua. Ukatoka upesi. Nikaziba, nikaosha mikono, nikawahi maziko.

Niliporudi kazini siku ya tatu, kijibomba kilikuwa kimeganda kwenye ukuta wa bika na mafuta yalikuwa yanatoa moshi. Mwalimu alikuwa amesimama na kipimajoto mkononi. Kijibomba kilikuwa hakijaachia. Kilipita joto la maji kuchemka, kikapita la kukaangia samaki, hakikuachia. Akazima jiko kabla mafuta hayajawaka. Kisha akanigeukia akaniuliza kama niligusa na chuma. Nikasema hapana, Mwalimu. Akauliza tena, taratibu, kijiko gani nilitumia. Nikasema cha pembe. Akauliza mara ya tatu, akinitazama usoni, na mimi nikamwapia kwa jina la mjomba niliyetoka kumzika. Akakaa chini sakafuni, miguu ameinyoosha kama mtoto, akampigia mkewe simu. Alimwambia tu, "Mama, imeshika."

Sikusikia kitu. Watu wakisimulia makosa yao husema moyo ulipasuka, tumbo lilikata. Mimi nilisikia ganzi, kuanzia siku ile, na nikaendelea kuosha vyombo.

Wiki moja baadaye nikaona siwezi. Mama yangu alikuwa akisema mficha uchi hazai, na mimi nililala na kuamka na maneno hayo. Lakini kumkabili hivi hivi sikuthubutu. Niliona lile kopo la maziwa. Nikatafuta mlango ninaoujua. Tulikuwa tunakunywa chai nje, wapo walimu wenzake wawili. Nikamwambia, "Mpagazi, unajisifu bure. Hiyo sumaku yako ni msumeno wangu. Nilikwangulia msumeno wa stoo nikawahi matanga."

Alicheka mpaka chai ikampalia. Wale wenzake wakampiga mgongoni. Akasema Waluguru hawa wana wivu, Mnyamwezi akiokota kitu wanataka wagawane. Mimi nami nikacheka. Nilikuwa nimesema kweli yote, mbele ya mashahidi, na hakuna aliyesikia. Nilijua hatasikia. Leo naweza kuliandika hilo: nilichagua utani kwa sababu nilijua hatasikia.

Toka siku hiyo maneno yangu yakawa hadithi yake ya wageni. Kila aliyeingia maabara, baada ya kuacha chuma kwenye beseni, aliambiwa, "Mtani wangu huyu anasema sumaku yangu ni msumeno wake." Wageni walicheka. Nami nilisimama pale na kitambaa changu cha deki, natabasamu.

Kitu kimoja kiliniumiza zaidi ya vyote, nacho ni uaminifu wake. Angekuwa mtu wa kukurupuka angetangaza, wenye vyombo wangepima, wangekuta chuma, aibu ingempata mwaka mmoja ikaisha. Yeye alikataa kuandika hata mstari mpaka irudie. Na kukivunja kile kijibomba ili apime kama kina chuma hakuweza, maana hewa ingeingia na kama unga ni wa kweli ungekufa, na alikuwa nao huo huo tu. Basi akarudia. Sampuli ya kumi na mbili ikakataa. Ya kumi na tatu. Ya ishirini. Alibadili maji, akabadili saa za kukausha, akaanza kudhani ni unyevu wa masika. Aliniuliza nikumbuke siku ile nilifanya nini hasa, hatua kwa hatua, nami nilimtajia hatua zote isipokuwa moja. Tulifika ya arobaini na tatu. Akastaafu. Ile ya kumi na moja akaondoka nayo, imeviringishwa kwenye pamba ndani ya kopo la plastiki. Mkataba wangu wakati huo ulikuwa umeshakuwa wa kudumu, na barua ya kunipendekeza aliiandika yeye.

Mwaka jana, masika yalipoanza kukatika, alinipigia simu. Sauti ilikuwa ya mgonjwa. Sukari ilikuwa imemchukua jicho moja na la pili lilikuwa njiani. Alisema yule binti wa Dar amemwambia kuna watu ng'ambo sasa wamepata za molekuli zinazostahimili joto kubwa, zinashika palepale penye mafuta ya kukaangia. Hakuwa na kijicho. Alifurahi tu kwamba inawezekana. Binti huyo atakuja Jumamosi kuichukua ya kumi na moja, ataipima kwa vyombo vya kweli bila kuivunja. "Nataka nijue kabla sijafa, mtumwa," akasema. "Na ikiwa ni yenyewe, jina lako litakuwemo."

Ijumaa, baada ya swala, nilipanda bodaboda kwenda kwake Kihonda. Nilimkuta sebuleni, televisheni imewashwa, haitazami. Alinijua kwa hatua. Nilisema shikamoo, Mwalimu, na akashtuka kidogo, maana sikumwita mpagazi. Akaitikia marahaba. Nikakaa mbele yake mahali ambapo jicho lile moja linafika.

"Mwalimu, leo sitanii," nikamwambia. "Ule msumeno ulikuwa wa kweli."

Hakuuliza msumeno gani. Kwenye televisheni mtu alikuwa anauza magodoro. Nikamweleza yote, mjomba, kijiko kilichovunjika, gari, mara tatu alizoniuliza, kiapo. Nilieleza kwa sauti ile ile ninayosomea orodha ya vifaa stoo. Nilitegemea atakasirika, au atalia, au nitalia mimi. La kuvunda halina ubani, nikasema moyoni, acha linuke liishe.

Alipofungua mdomo aliuliza kitu nisichokitegemea. Aliuliza kama nakumbuka ya tisa.

Nilimwambia siikumbuki. Akasema siwezi kuikumbuka kwa sababu nilikuwa kwenye likizo ya uzazi. Aliikwangua mwenyewe, kwa kijiko cha pembe, akaiziba mwenyewe. Ya tisa iliganda vizuri. Akawasha jiko, na ilipofika nyuzi sitini na nne ikaachia. Akaiacha ipoe, ikaganda tena. Akairudia mara tatu siku hiyo, na mara tatu zote iliachia pale pale kwenye sitini na nne.

"Chuma hakiachii kwenye sitini na nne," akasema.

Nikasema ndiyo, Mwalimu.

"Ile ilikuwa yenyewe. Wakati ule, kwa joto lile, hapa Morogoro. Nami nikaona ni dhaifu, kwa sababu nilikuwa natafuta ya maji kuchemka. Nikasema nitairudia baadaye. Halafu ukaniletea ya kumi na moja, haiachii. Nani tena angeshughulika na ya tisa? Nilikuwa na uhaba wa vijibomba. Nilikivunja ncha, nikaumwaga unga, nikakiosha." Akatikisa kichwa. "Hapana. Nilikupa wewe ukakiosha."

Nilitaka kusema samahani, na neno lilikuwepo mdomoni, lakini halikuwa na uzito wowote. Nikamwambia, "Nilikwambia lakini, Mwalimu. Wiki ile ile."

"Uliniambia mahali ambapo siruhusiwi kukasirika," akasema.

Akapapasa simu yake, akaniomba nimtafutie namba ya binti wa Dar. Nikaipiga, nikampa. Alimwambia asije kesho, hakuna cha kupima, atamweleza. Hakutaja jina langu. Kisha akainuka kwa kushika ukuta, akasema atanisindikiza. Nikasema asihangaike na macho yale, akasema mgeni husindikizwa.

Tulipita uani polepole katikati ya spika zake, yeye mbele, mimi nyuma. Nilikuwa tayari kwa tusi la kuniaga. Nililingoja. Niliwaza hata likiwa kali namna gani, nitalipokea, nitalijibu, tutakuwa tumevuka. Getini akasimama, akageuza lile jicho kunitafuta, akaniita kwa jina langu kamili, jina la kwenye cheti, ambalo katika miaka yote hakuwahi kulitumia. Akasema, "Asante sana kwa kuja, mama. Wasalimie nyumbani. Nakutakia safari njema." Akafunga geti taratibu, kwa adabu zote.